Chungu Kilichokohoa

Nimekaa na rundo la madaftari ya kidato cha tatu tangu saa nane mchana, na sijafika hata nusu. Zoezi lilikuwa dogo tu: tunga sentensi tano kwa kutumia neno "resounding". Mmoja ameandika kwamba mvua ilikuwa hivyo wiki nzima. Mwingine anasema dada yake alimfanyia hivyo akalia, na wa tatu, ambaye nadhani alinakili kwa jirani akiwa na haraka, amelifanya jina la mji. Siku nyingine ningecheka peke yangu, nikachora mstari mwekundu, nikaendelea. Lakini wiki mbili zilizopita nilimzika mama yangu, na neno hili lilinifikia kwa sababu yake kabla sijajua kufungua kamusi. Basi kalamu nimeiweka chini na chai imepoa.

Tulikaa Matema, pale milima inaposhuka hadi karibu kabisa na maji, kiasi kwamba ukipaza sauti ufukweni mlima unakurudishia. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Ikolo aliyefuata samaki ziwani akapata na mke. Mama alikuwa Mkisi wa Ikombe, kijiji kilichojibanza nyuma ya kona ya mlima, ambako watu walikwenda kwa mtumbwi na msichana alijua kufinyanga kabla hajajua kusuka nywele. Alipoolewa alikuja Matema na vitu viwili, mikono yake na sauti yake. Mama akisimama ufukweni kumwita baba aliye majini, wavuvi wote walijua kwetu leo kunaliwa nini, na jirani zetu walisema hawana haja ya redio.

Nisiwadanganye, nyumba yetu haikuwa na utulivu. Mama aliimba akikanda udongo, aligombana na kuku, aliongea na vyungu. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo mbichi uliomwagiwa maji, kwanza nasikia kelele, ndipo naona sura yake. Nilikuwa mtoto wa mwisho na nilikuwa nimeota mizizi pembeni yake.

Kazi niliyopewa ilikuwa kusikiliza. Vyungu tulivichomea palepale ufukweni, chini kuni, juu matete na nyasi kavu, moto ukawaka asubuhi na kufikia mchana ukawa umelala chini ya majivu. Mama alivitoa kimoja kimoja kwa fimbo, vikapoa, halafu akavigonga kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kinaitika. Ukikigonga kinatoa sauti iliyojaa, inayokaa kidogo hewani kabla haijaondoka. Chungu chenye ufa, hata kama ufa huo jicho halijauona, kinakohoa. Mama alikuwa ananigongea huku amegeuza uso, ananiuliza, "Sekela, huyu ni mzima au mgonjwa?" Nami najibu. Aliniambia masikio yangu ni mazuri kuliko ya kwake, na mimi nikavimba kichwa kwa hilo miaka mingi.

Kisha mvua za mwaka ule zikaja na hasira. Wenzangu mliokulia bonde la Kyela mnajua mito yetu ikiamua kutembea inavyotembea. Nyumba ya babu kule Ikolo, baba yake baba, ilijaa maji hadi madirishani, ukuta mmoja ukalala. Baba akaenda kumchukua. Babu alikuwa mzee mrefu mwenye macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho, anayeona mwanga na kivuli lakini si kitu chenyewe. Alikuja na fimbo, kiti chake cha miguu mitatu na kikohozi, akapewa chumba cha mbele.

Tangu siku ile mama yangu akanyamaza.

Sisemi alipunguza kelele. Alinyamaza. Babu akiwa uani, mama alifunika uso kwa upindo wa khanga na kuzunguka nyuma ya jiko. Wakikutana njiani, mama aliingia migombani akasubiri apite. Alikuwa hamsalimii, hamwiti, wala halitamki jina lake; hata jirani yetu ambaye jina lake lilifanana na la babu, mama alianza kumwita "yule wa mwembeni". Kama uji umeiva, aliniambia mimi kwa sauti ya chini, "Mwambie babu uji tayari," ingawa babu alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Babu naye hakumjibu. Alinijibu mimi, "Mwambie mama yako nakuja." Nikawa mjumbe kati ya watu wawili waliokuwa wanasikiana vizuri kabisa.

Bila shaka mnaojua mila za kwetu mmeshaelewa, na mnanicheka. Ni ukutila, ile desturi ya mke kumwogopa baba mkwe kwa heshima, asimtazame usoni wala asimpazie sauti. Mama alikuwa akiifuata siku zote tulipokwenda Ikolo kusalimia, ila zilikuwa ziara za siku moja na mimi nilikuwa nikikimbilia kucheza. Sasa nilikuwa naiona kila siku nyumbani mwetu, na kichwa changu cha mtoto kikaisoma kivyake. Shuleni, watu wawili wasiposemeshana ni kwamba wamenuniana. Kwa hiyo mama na babu walikuwa wamenuniana, tena kwa jambo kubwa, na wakubwa walikuwa wananificha. Nilimuuliza baba walichogombania. Alicheka mpaka akakohoa, akasema heshima si utumwa, nikalale.

Lakini nilikuwa na ushahidi. Kila babu alipoletewa samaki, hasa mbasa, alikula upande wa mkia na wa mgongo, na ule mnofu laini wa tumbo, wenye mafuta, akauacha kwenye sahani. Kila siku. Mimi ndiye niliyerudisha sahani jikoni, na mama akaupokea mnofu ule, akaula polepole akiwa ameinamisha kichwa. Mimi nilijua maana yake. Babu alikuwa anadharau mapishi ya mama, na mama alikuwa anakula dharau hiyo kwa sababu hana la kufanya. Nilianza kumchukia babu kimyakimya, chuki ya mtoto, ya kumsogezea kiti taratibu na kumletea maji ya uvuguvugu. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nikakaa kuusubiri huo mshindo.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Zuhura. Alikuwa ametoka Lindi, amepangiwa shule yetu, anavaa ushungi mweupe uliopigwa pasi hata siku za matope, na Kiswahili chake kilitufanya tuone aibu kufungua midomo. Kila Alhamisi aliandika neno moja la Kiingereza kwenye kona ya ubao na kulizungushia boksi, na hakuna aliyeruhusiwa kulifuta hadi Jumatatu. Wiki ile likawa "resounding". Alitutamkisha mara kumi. Halafu akatukataza kulitumia ovyo.

Neno hili, alituambia, si la kelele yoyote tu. Mashine ya kukoboa mpunga inapiga kelele kutwa, lakini huiiti hivyo. Mtoto akilia humuiti hivyo. Linataka sauti inayogonga kitu ikarudi imejaa, kama kengele, kama kofi linalosikika nyumba ya pili. Kisha Waingereza wakalichukua wakalivisha na mambo yasiyo na sauti kabisa. Ushindi wa mabao saba kwa bila, wanauita hivyo. Jibu nalo hivyohivyo: "a resounding yes" ni ndiyo isiyobakiza shaka, na "a resounding no" ni hapana ya kufunga mjadala. Akatupa kazi ya nyumbani. Jumatatu kila mtu aje na mfano mmoja wa kwao, wa kitu alichokisikia kwa masikio yake mwenyewe, kinachostahili neno hilo.

Nilitoka darasani nikiwa nimeshinda tayari. Ni nani Matema nzima angekuwa na mfano kama wangu? Sauti ya mama yangu ikimwita baba, inagonga mlima, inarudi. Ila nilipofika nyumbani nikakumbuka kwamba sauti hiyo sijaisikia tangu mvua zianze. Mwalimu alisema kitu tulichokisikia, na nilitaka kukisikia tena kabla ya Jumatatu. Nilifikiri pia, na hili nalisema wazi kwa sababu ndilo lililonitesa, kwamba mama akipaza sauti mara moja tu mbele ya babu, mnuno utavunjika na nyumba itarudi kuwa yetu. Sikumwambia mtu.

Jumamosi tulichoma vyungu. Kufikia mchana moto ulikuwa umelala na majivu yametanda kama shuka, ya kijivu, laini, huwezi kuyatofautisha na mchanga hata ukiwa na macho mazima. Chini yake makaa yalikuwa hai. Mama alisimama upande wa pili wa majivu akiwa amekumbatia mtungi mkubwa alioutoa muda mfupi kabla, mzuri kuliko vyungu vyote vya siku ile, na alikuwa ameshaugonga na ukaitika. Mimi nilikaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa, hatua sita hivi kutoka kwake, nasugua mfuniko kwa majani.

Babu alikuwa anatoka ziwani kunawa. Alikuwa na njia yake ya kupita migombani, aliyoijua kwa fimbo, lakini siku hiyo baba alikuwa ameanika wavu kuikata njia. Fimbo ikagusa wavu. Babu akasimama, akapapasa, akageukia kushoto, akaanza kuja moja kwa moja kwenye majivu, miguu mitupu.

Mama alimwona. Upindo wa khanga ulikuwa tayari usoni, kwa sababu babu alikuwa karibu. Akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Sekela, mwambie babu asimame."

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kama ninavyosikia sasa hivi watoto wa jirani wakigombania baiskeli. Nikainamisha kichwa nikasugua mfuniko.

"Sekela," akasema tena.

Nikasugua mfuniko. Nilikuwa nasema moyoni, sasa hana budi, sasa ataongea naye. Sikuwaza makaa. Naapa sikuyawaza. Mtoto hawezi kubeba mawazo mawili kwa wakati mmoja, na langu lilikuwa moja. Babu akapiga hatua nyingine, fimbo ikazama kwenye majivu na ncha yake ikaanza kutoa moshi, na mguu wake ukanyanyuka kuifuata.

Ndipo mama akapiga ukelele. Alimwambia kwa Kinyakyusa, kwa ile "wewe" tunayowaitia watoto na mbuzi, asimame palepale. Sauti iliondoka na miezi yote ya kunyamaza ndani yake. Ikagonga mlima ikarudi, ikagonga tena, wavuvi waliokuwa mbali wakageuza vichwa, na babu akabaki na mguu mmoja hewani.

Kwa muda mfupi sana nilifurahi. Nilimgeukia mama nikitegemea kumwona anacheka. Alikuwa amepiga magoti, paji la uso kwenye mchanga, khanga imefunika kichwa chote. Mtungi ulikuwa umelala pembeni yake ulipomponyoka. Babu aligeuza uso upande wa ziwa, akasimama hivyo bila kusogea hadi baba alipokuja mbio kumshika mkono.

Mtungi haukuvunjika vipande. Ulipata ufa mmoja mrefu kutoka mdomoni hadi tumboni. Niliugonga ili nifanye kitu chochote, na ukakohoa.

Jua lilikuwa bado juu mama alipoondoka kwenda Ikombe, kwao. Hakuchukua kitu. Aliniambia tu nimpikie babu ndizi na nisisahau kumchambulia samaki miiba. Nikamuuliza baba anarudi lini. Baba alikuwa anakunja wavu wake, na siku hiyo hakucheka. Mwanamke aliyempazia sauti baba mkwe, alinieleza, hakai tena chini ya paa moja naye hadi ndugu zake waende kumwombea na mzee mwenyewe akubali. Nikauliza, asipokubali? Baba akaendelea kukunja wavu. "Akikataa, mama yako atabaki kwao," akasema.

Jioni ile nilimpikia babu. Ndizi ziliungua chini, lakini mbasa alitoka vizuri. Babu alikula mkia, akala mgongo, akasukuma sahani mbele, na mnofu wa tumbo ukabaki pale kama kawaida. Nikashindwa kuvumilia. Kwa mara ya kwanza nikamuuliza, "Babu, hii huipendi?"

"Hiyo ni ya mama yako," akasema.

Kisha akakumbuka. Mkono wake ukabaki juu ya ukingo wa sahani, akatazama mbele na yale macho yake ya ukungu. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa kwenye kigoda cha mama. Nilikuwa na miaka kumi na mbili na nikaelewa kwa mkupuo kila sahani niliyowahi kuibeba. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Jumatatu Mwalimu Zuhura alikusanya mifano. Kulikuwa na kengele ya kanisa, kulikuwa na radi, kulikuwa na mjomba wa mtu aliyepiga chafya ibadani. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema sina mfano. Darasa zima liligeuka, kwa sababu mimi sikuwa mtu wa kukosa jibu. Mwalimu hakunigombeza. Saa ya mapumziko aliniita akaniuliza nyumbani kuna nini, na mimi, badala ya kumwambia nilichofanya, nikamuuliza kuhusu neno. Nilimuuliza kama mtu akijibu kwa sauti ndogo sana, jibu lake bado linaweza kuitwa "resounding".

Alifikiri kabla ya kujibu, nami nilimpenda kwa hilo. "Linaweza," akasema. "Neno hili likishavishwa jibu halipimi tena koo la mtu. Linapima kama kuna aliyebaki na haja ya kuuliza mara ya pili."

Jumatano babu alimwambia baba ampeleke Ikombe. Kwa desturi ilitakiwa ndugu za mama waje kwake, wala si yeye awafuate, na baba alijaribu kumkumbusha. Babu akajibu kwamba miguu anayo, tena mizima, na yeye ndiye anayejua kwa nini ni mizima. Akaniambia nami niingie mtumbwini kwa sababu anahitaji mjumbe wake. Nilikaa mbele nikatazama maji njia nzima.

Tulipofika, watu wa Ikombe walitaharuki. Wanawake waliacha udongo wakapiga magoti, mtu akakimbia kutafuta kiti. Mama alikuwa ndani ya nyumba ya bibi, mama yake mzazi, na hakutoka. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikaa mbele ya babu akaanza kuomba radhi kwa maneno mengi, ya kupanda na kushuka, kwamba mtoto wao alikosa, kwamba alimpazia mzee sauti kama anafukuza mbuzi, kwamba wao kama ukoo wamefedheheka na wako tayari kwa lolote. Babu alimwacha amalize. Mwishowe mjomba akauliza lile lililotuleta, akiwa ameinama, kama mzee bado anamtaka huyu mwanamke nyumbani kwake.

"Ndiyo," babu akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo. Kuku aliyekuwa anaparura karibu na ukuta hakushtuka. Lakini mjomba alifunga mdomo, bibi akaacha kusugua mikono, baba akashusha mabega, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Nilimkumbuka Mwalimu Zuhura pale pale, nikiwa nimekaa kwenye mchanga wa Ikombe na magoti yangu machafu.

Halafu babu akafanya jambo ambalo wazee wa kule walilisimulia kwa muda mrefu. Aligeuza uso kuelekea ukuta wa nyumba, mahali alipokisia mama yupo, na akamsemesha yeye mwenyewe bila kupitia kwangu. "Ndaga," akasema. "Ndaga fijo, mwanangu." Ahsante, ahsante sana. Alivuka mstari uleule mama aliouvuka ili asibaki ameuvuka peke yake. Kutoka ndani tulisikia kitu kama mtu anayevuta pumzi baada ya kupiga mbizi. Mama hakujibu, na ndivyo ilivyotakiwa.

Baba alipokuwa anamsaidia kusimama, babu akauliza, kama mtu anayeulizia kitu kidogo alichosahau, "Na huyu mjumbe wetu, siku ile alikuwa wapi?"

Watu wote walinitazama. Nikaanza kupangusa mchanga magotini. Mlangoni bibi aliinamisha sikio ndani, akamsikiliza mama, kisha akatoa kichwa.

"Anasema mtoto alikuwa mbali," bibi akasema. "Hakusikia."

Tulirudi na mama siku hiyohiyo. Mtungi wenye ufa nilidhani atautupa, lakini aliuweka jikoni akahifadhia mbegu za maharage, na baada ya mbegu vifungo, na baada ya vifungo barua zangu kutoka shule ya bweni. Alinyamaza tena mbele ya babu. Upindo wa khanga ukarudi usoni, nami nikarudi kubeba maneno hatua nne kwenda na hatua nne kurudi, ila sasa niliyabeba kwa adabu, na mnofu wa mbasa niliupeleka jikoni kwa mikono miwili. Miaka michache baadaye, tulipomzika babu, mama alilia kwa sauti yake yote, kwa sababu msibani inaruhusiwa, na mlima ukamrudishia.

Sikumwambia kamwe. Nilikuwa na nafasi elfu. Nilisoma, nikawa mwalimu wa Kiingereza, nikaolewa, nikapata baba mkwe wangu mwenyewe ambaye namsalimia kwa simu kila Jumapili bila kufunika chochote. Kila likizo nilikaa na mama jikoni, mtungi ule upo pembeni, na kila mara neno lilifika kooni likageuka. Nilijiambia kwamba yeye anaamini kweli sikusikia, alikuwa anaongea taratibu, upepo ulikuwepo, kwa nini nimwumize. Nilipojaribu safari ya mwisho, akiwa kitandani, nilianza, "Mama, ile siku ya babu," naye akaniuliza kama mpunga wa mwaka huu umeshafika bei nzuri. Nikaona ugonjwa umemchosha, nikamjibu habari za mpunga.

Baada ya mazishi wanawake wa ukoo walikaa chumbani kwake kugawana vyombo na khanga. Uani watu walikuwa bado wengi, wanakunywa chai, wanaongea kwa sauti za chini za msibani. Mama mdogo, mdogo wake wa mwisho kutoka Ikombe, ndiye aliyemuuguza. Alitoa mtungi ule kutoka kona, akaugonga kwa kifundo cha kidole kwa mazoea, na ukakohoa. Akasema hiki chombo kimemsumbua kichwa. Dada yake alikitaja siku mbili kabla ya kufa, akili zake zikiwa timamu, lakini maneno yenyewe hayakueleweka, na yeye ameona ayaseme kama alivyoambiwa.

"Alisema apewe aliyesikia," mama mdogo akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Ni nani huyo?"

Niliona mchanga, na ncha ya fimbo ikitoa moshi, na mfuniko mkononi mwangu. Kisha nikajibu, na nilijibu kwa sauti aliyonirithisha mama, hata watu waliokuwa uani wakageuka kutazama dirishani.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisikia."

Mama mdogo hakuuliza tena. Aliupangusa mtungi kwa upindo wa khanga yake, akanipa.